Mashaka, futa ile aya ya ushindani

Tabora

Ndugu yangu Mashaka,

Salamu nyingi. Rasimu yako ya historia ya maduka ya dawa baridi ya Mwanga na Ujiji, mjini Kigoma, imefika na nimeisoma yote. Pale unaposema yaliuawa na ushindani wa famasi, futa. Famasi kamili nyingi zilikuwa Dar es Salaam, si huko Kigoma.

Kilichoyabana ni leseni yenyewe. Chini ya sheria ya dawa na sumu ya 1978, maduka hayo yaliruhusiwa dawa za Sehemu ya Pili tu: panadol, dawa ya kikohozi na nyingine zisizohitaji cheti cha daktari. Mzazi wa mtoto mwenye nimonia anataka amoksilini, antibiotiki ya cheti, si panadol. Basi amoksilini ikahamia chini ya kaunta, kwenye kifuko cha nailoni, bila risiti wala tarehe ya kuisha muda. Masika yakianza, kapsuli zinavuta unyevu, zinalainika na kugandana. Mteja anauziwa hivyo hivyo, na mkaguzi haoni kitu maana kwenye daftari haimo.

Kwenye madaftari uliyokusanya, angalia sana malaria. Dozi ya klorokwini kwa mtu mzima ilikuwa vidonge 10: 4, kesho yake 4, siku ya tatu 2. Vilihesabiwa kutoka kopo la vidonge 1,000, kwa hiyo ukikuta "klorokwini 4", huyo hakumaliza dozi. Usimhesabu kama aliyetibiwa. Kuanzia 2001 ilikuwa SP (sulfadoksini na pirimethamini), vidonge 3 kwa mkupuo. Mseto (artemetha na lumefantrini) uliopitishwa 2006 ni vidonge 24 kwa siku tatu: 4 kwa kila mara, mara ya pili masaa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Huo unakuja kwenye pakiti yake, kuumega si rahisi kama kopo.

Halafu usiandike "yalifungwa". Mwaka 2003 TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, na shirika la Kimarekani la Management Sciences for Health, kwa fedha za Gates Foundation, walianzia Ruvuma: chumba kikarabatiwe, mtoa dawa asomeshwe wiki kadhaa, na duka liruhusiwe baadhi ya dawa za cheti, amoksilini ikiwemo. Hayo ndiyo Duka la Dawa Muhimu. Wenye maduka wengi walibaki wale wale, wakabadilisha kibao. Linganisha majina kwenye leseni za zamani na mpya kabla hujapeleka rasimu kiwanda cha uchapaji.

Wasalimie wote nyumbani.

Ndugu yako,
Juma