Vikundi vya usafi vinakwamishwa na barua moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie zabuni za usafi wa mazingira hapa Dodoma, hasa lile fungu la asilimia 30 ambalo sheria inazitaka taasisi nunuzi zilitenge kwa ajili ya makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Tangu zabuni zihamie kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni, sisi wa vikundi vya usafi hatuzunguki tena na bahasha ofisi hadi ofisi. Usajili tumekamilisha, namba ya mlipakodi (TIN) tunayo, na hata kupakia nyaraka, kazi iliyotutoa jasho mwanzoni pale dukani kwa mwenye steshenari, sasa tunaimudu. Tunakwama tunapotakiwa kuthibitisha uzoefu.

Uzoefu tunao. Novemba iliyopita, kabla mvua hazijaanza, wenzangu kumi na wawili walizibua mtaro huku Nkuhungu kwa siku tisa, wakatoa mchanga, chupa za plastiki na godoro lililolowa ambalo lilivutwa na watu wanne. Lakini mkataba ulikuwa wa mkandarasi na sisi tulikuwa vibarua wake: majina yetu yaliandikwa kwenye kauntabuku la msimamizi, tukalipwa mkononi, kauntabuku likaondoka naye. Nilipomfuata kuomba barua ya kuthibitisha kazi hiyo, alinijibu kwamba kibarua hapewi barua. (Sina ugomvi naye, alitulipa siku aliyoahidi, jambo ambalo si wote wanaliweza.) Hivyo kwenye nyaraka mwenye uzoefu wa mtaro ule ni kampuni, wala si walioshika koleo.

Wapo wanaotushauri tushushe bei. Tulishajaribu, ila mafuta ya gari la kupeleka taka dampo la Chidaya hayapungui kwa sababu mwenye kazi ni kikundi.

Ombi letu ni kwamba kila mkataba wa usafi uwe na sharti la kumtaka mkandarasi anayetumia kikundi kilichosajiliwa akipe makubaliano ya maandishi, na kazi ikiisha akipe barua inayotaja kazi, tarehe na kiasi cha fedha, ikiwa imegongwa muhuri wa taasisi nunuzi kabla yeye hajalipwa malipo yake ya mwisho. Afisa afya wa kata, ambaye hata hivyo hufika kukagua mtaro, anaweza kuihakiki. Ukurasa mmoja unatosha, na tungependa sharti hilo liwemo kabla zabuni za mitaro ya msimu ujao hazijatangazwa.

Katibu wa kikundi cha usafi,
Nkuhungu, Dodoma