Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya Serikali Mtandao: fomu zijaribiwe na wananchi kabla hazijafunguliwa

Mheshimiwa Waziri,

Nafanya kazi kwenye stesheneri mjini Morogoro. Ubao wetu wa nje unasema fotokopi, kuchapa na kuskani, lakini kazi inayotulisha siku hizi ni kuwajazia watu fomu za mtandaoni: za chuo, za ajira, za leseni, za vibali. Anakuja mtu mwenye simu janja na bando, anayetuma na kupokea pesa kwa simu kila siku bila kufundishwa na yeyote, lakini fomu ya taasisi ya umma imemshinda. Analipa tumjazie. Foleni hiyo ni riziki yetu, na bado naomba uiondoe, kwa sababu haikupaswa kuwepo.

Chukua fomu ya taasisi moja ambayo sitaitaja, maana tatizo si lake peke yake. Ukurasa wa kwanza unafunguka na picha kubwa za viongozi zinazopishana: uzinduzi, kikao cha wadau, ziara. Kitufe cha kuomba kiko chini kabisa, ndani ya menyu yenye kifupisho wanachokijua watumishi wa taasisi tu. Akikipata, lazima kwanza afungue akaunti ndipo aone sifa za mwombaji na viambatisho vinavyotakiwa. Anajaza ukurasa baada ya ukurasa. Kwenye cheti anatakiwa kupakia PDF, na ukomo wa ukubwa anauambiwa baada ya faili lake kukataliwa. Anatoka kwenda kulipunguza. Akirudi, mfumo umeshamtoa na alichojaza chote kimefutika. Anaanza upya. Safari hii anafika kwenye namba ya simu, anaiandika kwa 07 kama anavyoiandika siku zote, anabonyeza kutuma, unatokea mstari mwekundu wa Kiingereza kwamba taarifa si sahihi. Taarifa ipi? Hausemi. Kumbe mfumo ulitaka 255 bila alama ya kujumlisha. Mimi nalijua hilo kwa sababu nimewajazia wengi. Yeye angelijulia wapi?

Nimesikia mara nyingi kwamba shida ni wananchi wetu kutojua kompyuta. Sikubaliani. Mwaka 1994 Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia mifumo ya kompyuta, alitoa kanuni 10 za mifumo inayotumika kwa urahisi. Baadhi yake ni hizi: mfumo umweleze mtumiaji kinachoendelea, uzuie kosa kabla halijatokea, na likitokea ulieleze kwa lugha ya kawaida pamoja na namna ya kulirekebisha. Fomu niliyoieleza inazivunja zote tatu kwenye ombi moja. Miongozo ya WCAG, inayoeleza namna ya kufanya tovuti zitumike na kila mtu, ya W3C, shirika la kimataifa linaloweka viwango vya wavuti, katika toleo la 2.0 la mwaka 2008, nayo inataka sehemu yenye kosa itajwe kwa maandishi, na mtu apewe nafasi ya kuongeza muda kabla mfumo haujamtoa. Haya mambo ni ya siku nyingi, na kuyasoma ni bure.

Miongozo hiyo iliandikwa kwanza kabisa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, na hapo ndipo panaponiuma. Tuna mteja mwalimu, haoni, simu yake inamsomea kwa sauti kila kilichoandikwa. Alifungua tangazo la nafasi za kazi mbele yangu. Simu ikataja jina la faili, ikanyamaza. Tangazo lilikuwa karatasi iliyogongwa muhuri, ikaskaniwa, ikapandishwa kama picha, na ndani ya picha simu haioni herufi. Nikamsomea mimi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Kupandisha tangazo lilelile kama maandishi hakuongezi hata shilingi.

Lipo kubwa zaidi. Mtu akishindwa fomu anatuachia namba yake ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa, barua pepe na neno la siri. Maduka mengi huandika hayo yote kwenye daftari la kaunta, kwa sababu mteja atarudi kuuliza majibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022, lakini ugumu wa fomu unawasukuma wananchi kukabidhi siri zao kwa watu wasiowajua. Mimi nisingependa dada yangu aache neno lake la siri kwenye daftari la mtu.

Wakubwa pia wamejikwaa. Oktoba 1, 2013 Marekani ilifungua tovuti ya HealthCare.gov kwa ajili ya bima ya afya. Mtu alilazimika kufungua akaunti kabla ya kuona bima zilizopo, watu wakakwama hapohapo, na siku ile ya kwanza waliofanikiwa kujiunga na bima walikuwa 6. Uingereza mwaka mmoja kabla ilikuwa imezindua GOV.UK, tovuti ya huduma za serikali yake, na kanuni ya kwanza waliyojiwekea wajenzi wake ni kuanza na mahitaji ya mtumiaji, siyo ya serikali.

Ombi langu ni moja, Mheshimiwa. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 imeipa Mamlaka ya Serikali Mtandao kazi ya kusimamia viwango vya mifumo ya taasisi za umma. Kiwekwe kiwango kwamba hakuna mfumo unaopokelewa kutoka kwa mkandarasi kabla wananchi 5 hawajaujaribu, kwa simu zao wenyewe, bila kuelekezwa, huku waliouandika wamekaa kimya wakitazama. Nielsen alishaonyesha kwamba watu 5 wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo. Awemo mkulima, awemo mama lishe, awemo asiyeona. Anapokwama mtu, parekebishwe, kisha waitwe wengine 5.

Kama watu wa kujaribu watakosekana, njooni kwenye stesheneri yoyote msimu wa maombi. Wahudumu tunajua kila fomu inagomea wapi, na tuko tayari kuwaonyesha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mhudumu wa stesheneri, Morogoro