Benki zituonyeshe riba inayojikusanya

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ofa za kadi za mkopo zinazotangazwa kuwa hazina riba. Kila mteja anapolalamika kwamba muda wa ofa umeisha akajikuta anadaiwa riba asiyoitegemea, hujibiwa kwa mkato: ungesoma mkataba. Kazi yangu ni uhasibu, na watu huniletea mikataba hiyo pamoja na taarifa zao za kadi. Nimeisoma. Bado nasema mteja anabebeshwa lawama isiyokuwa yake yote.

Tangazo linasema miezi 12 bila riba. Chini ya tangazo hilo moja kunaweza kuwa na mipango miwili ambayo haifanani hata kidogo. Katika mpango wa kwanza, kwa miezi yote 12 riba ni sifuri kweli. Muda ukiisha, riba inaanza kuhesabiwa kwenye deni lililobaki, basi. Katika mpango wa pili riba inahesabiwa tangu siku uliyonunua, ila hutozwi kwanza. Inawekwa kando, inakua. Ukimaliza deni lote kabla ya siku ya mwisho, inafutwa. Ukibakiza hata kidogo, inaingizwa yote kwenye akaunti yako kwa mkupuo. Tofauti hii ndiyo moyo wa ofa nzima, na ndiyo hiyo inayofichwa kwenye maandishi madogo, au kumezwa na yule msomaji wa tangazo la redio anayekimbiza “vigezo na masharti kuzingatiwa” kama anafukuzwa.

Tupige hesabu. Mtu amenunua kitu cha 120,000, kwa fedha yoyote ile, na riba ya kadi ni 24% kwa mwaka, yaani 2% kwa mwezi. Kila mwisho wa mwezi analipa 9,500 bila kukosa. Baada ya miezi 12 amekwisha kulipa 114,000, amebakiza 6,000. Kama yuko kwenye mpango wa kwanza, mwezi unaofuata atatozwa riba ya 120. Kama yuko kwenye mpango wa pili, hata tukiacha riba juu ya riba, atatozwa 16,260. Deni lililobaki ni 6,000, riba yake ni zaidi ya 16,000! Na sehemu kubwa ya riba hiyo inatokana na fedha ambayo mtu huyu alikwisha kuirudisha, mwezi baada ya mwezi, kwa wakati. Angeongeza 500 tu kwenye kila malipo, asingedaiwa chochote.

Kwa nini hakuongeza? Kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba 10,000 ndiyo ingemvusha. Taarifa ya kadi ya kila mwezi inamwonyesha kiwango cha chini cha malipo, na kiwango hicho kwa kawaida ni asilimia ndogo ya deni. Hakikupangwa kumaliza deni ndani ya muda wa ofa. Mtu anaona kimeandikwa kwenye karatasi ya benki, analipa hicho na zaidi ya hicho, hapati onyo wala faini, anaamini mambo yake yako sawa. Mlipaji wa namna hii huwezi kumwita mzembe. Mzembe haandiki malipo yake kwenye daftari, na mimi madaftari hayo nayaona.

Kuna na suala la tarehe. Siku ya ofa kuisha na siku ya mwisho ya kulipa ya mwezi huo si lazima ziwe moja. Ofa inaweza kuisha tarehe 10, huku taarifa ikisema malipo yafanywe kabla ya tarehe 22. Anayelipa deni lote tarehe 20 amewahi kwa hesabu ya mwezi, lakini kwa hesabu ya ofa amechelewa siku kumi, na riba yote ya mwaka inamwangukia. Kwenye mikataba mingine, hata kuchelewesha malipo ya mwezi mmoja katikati kunaweza kuivunja ofa kabla ya wakati wake.

Zile siku za kawaida zisizo na riba, ambazo kila mwenye kadi hupewa kwa manunuzi yake, nazo zina sharti lake: kwa kadi nyingi zinapatikana tu ukilipa salio lote. Ukivusha deni kwenda mwezi wa pili, manunuzi mapya yanaanza kuhesabiwa riba siku ileile unayoyafanya. Na ukija kulipa salio lote lililoandikwa kwenye taarifa, mwezi unaofuata inaweza kutokea riba nyingine ndogo, ya zile siku kati ya kutolewa kwa taarifa na siku uliyolipa. Hesabu hiyo siipingi, ni sahihi. Ninachopinga ni kumwacha mtu aamini amemaliza, halafu apigwe faini ya kuchelewa kwa vijisenti ambavyo hakujua vipo.

Wenye mabenki watasema ofa hizi zina gharama na lazima mtu azilipie. Kweli kabisa. Lakini tuseme waziwazi ni nani anayezilipia. Katika mpango wa pili, anayelipia ni yule aliyekaribia kumaliza akateleza mwishoni, na anatozwa kana kwamba hakulipa chochote cha maana mwaka mzima.

Hili linaweza kurekebishwa bila kuua biashara ya mtu. Uingereza, mamlaka ya kusimamia huduma za fedha, FCA, iliweka kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2019 kwa mikopo ya nunua sasa, ulipe baadaye: mkopeshaji haruhusiwi kutoza riba ya nyuma, yaani ile ya tangu siku ya kununua, kwa fedha ambayo mteja aliirudisha ndani ya muda wa ofa, na lazima amkumbushe mteja kabla ofa haijaisha. Kwa hesabu yetu ya juu, riba ya nyuma ingebaki kwenye zile 6,000 peke yake, yaani 1,440 badala ya 16,260. Marekani, sheria ya kadi za mkopo ya mwaka 2009 haikuupiga marufuku mpango wa pili, lakini iliagiza kwamba katika mizunguko miwili ya mwisho ya taarifa za kadi kabla ofa haijaisha, chochote unacholipa zaidi ya kiwango cha chini kielekezwe kwanza kwenye deni lile la ofa. Ni nafuu ndogo. Mimi ningependa ya Uingereza.

Wakati tunasubiri wasimamizi wa fedha waamke, benki hazihitaji sheria mpya ili kuchapisha kwenye kila taarifa, kwa herufi zinazosomeka, siku ofa inapoisha, riba iliyokwisha kujikusanya mpaka leo, na kiasi ambacho mteja akikilipa kila mwezi atamaliza kabla ya siku hiyo. Kompyuta zao zinazo tarakimu hizo zote, maana bila hizo zisingeweza kumtoza. Benki inayomtumia mteja ujumbe wa simu sekunde chache baada ya kulipia kitu inashindwaje kumtumia mwingine siku 30 kabla ya ofa kuisha?

Kwa msomaji mwenye ofa kama hii sasa hivi, apige simu benki aulize: nisipomaliza deni kufikia siku ya mwisho, riba itahesabiwa kuanzia lini? Akijibiwa “kuanzia siku uliyonunua”, ahesabu miezi iliyobaki, apunguze mwezi mmoja kwa usalama, agawe deni lililobaki kwa miezi hiyo, na alipe kiasi hicho kila mwezi hata kama taarifa inamwomba kiasi kidogo kuliko hicho. Jibu alipate kwa maandishi.

Na kama ipo benki ambayo tayari inawaonyesha wateja wake riba inayojikusanya, mwezi kwa mwezi, naomba itujibu kwenye ukurasa huu na sampuli ya taarifa yake, wateja wa benki nyingine wajue cha kudai.

Msomaji wako,
Mhasibu