Mabadiliko ya Saa: Kikao cha Wanafunzi wa Uhandisi, Lamu

Assalaam alaykum ndugu zangu,

Kikao chetu cha Jumamosi hii kimesogezwa kutoka saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, pale pale Mkunguni mbele ya Ngome, kwa kuwa ni bamvua, yaani siku za maji kujaa na kutoka sana, na saa nne maji yatakuwa yametoka, na madau ya wenzetu wa Matondoni na Kipungani yangekwama matopeni. Kosa ni langu. Sikuyahesabu maji nilipopanga.

1. Njooni na kikokotoo na tepu ya kupimia, kwani tutapima boriti za mikoko katika nyumba moja ya kale na kukokotoa uzito zinaoweza kubeba. Urefu wa boriti hizo ndio ulioamua upana wa vyumba vya wazee wetu.

2. Mliomaliza kidato cha nne, leteni orodha ya shahada mnazotaka kuomba, tuhakikishe kila moja imeidhinishwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, maana kusoma miaka mitano kisha ukakosa kusajiliwa ni msiba.

3. Mchango ni shilingi 200 za chai na nakala, umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi usiku.

Tafadhali thibitisheni hapa kufikia kesho magharibi kwa kuandika jina na "nitakuja" au "nina udhuru", ili tujue idadi ya nakala.

Katibu wenu