Pimeni chemba za hedi kabla ya kufunga injini ya Beetle

Mhariri,

Injini ya Volkswagen Beetle ikitoka kufanyiwa ovahoo ikitetemeka, plagi tatu zikiwa za kahawia na moja nyeupe, mafundi wetu wa Nakuru hulaumu petroli, halafu karbureta, halafu taimingi, yaani wakati wa plagi kuwasha. Mara nyingi kosa limo ndani ya hedi, kifuniko cha silinda: chemba nne, yaani nafasi ambamo petroli huwaka, hazilingani ujazo na hakuna aliyezipima.

Chukua injini ya 1600. Silinda ina upana wa milimita 85.5 na pistoni husafiri milimita 69, kwa hiyo kila silinda ni mililita 396. Tuseme pistoni ikifika juu husimama milimita 1.3 chini ya ukingo wa silinda. Nafasi hiyo ni mililita 7.5. Chemba ya mililita 51 hapo hutoa kompresheni, yaani kiasi ambacho hewa na petroli hubanwa, ya 7.8 kwa 1. Jirani yake ya mililita 47 hufika karibu 8.3. Taimingi ni moja kwa zote, na iliyobanwa zaidi ndiyo hugonga kwanza, yaani petroli hulipuka ovyo ndani yake, hasa gari likiwa na mzigo kutoka Kisumu, kwenye hewa nzito ya mita 1,130 hivi, likipanda kwenda Kericho. Kwenye injini za zamani, ambazo kipoza oili kimekaa katikati ya njia ya hewa, silinda namba 3 ikiwa ndiyo hiyo, valvu yake ya ekzosi haitadumu.

Tofauti huletwa zaidi na valvu. Valvu ya kuingiza ina kipenyo cha milimita 35.5, ikizama milimita moja kwa kusagwa kiti inapokaa, chemba imeongezeka mililita nzima. Silinda moja ikiwekewa kiti kipya na ya pili ikaachiwa cha zamani, hazilingani tena. Kwa hiyo anayepima kabla ya kusaga valvu amepoteza muda wake.

Hedi hii si bapa, silinda huingia ndani yake. Kipande cha perspeksi, plastiki angavu ya kufunikia chemba wakati wa kupima, lazima kikatwe duara, kishuke hadi pale ukingo wa silinda unapokaa. Kikiwekwa juu tu, unapima na nafasi isiyo ya chemba. Toboa tundu la milimita 5 karibu na ukingo wake. Funga plagi ya aina itakayotumika, yenye nyuzi za urefu wa milimita 12.7. Paka grisi kidogo sana kwenye midomo ya valvu na chini ya perspeksi, kisha inua hedi kidogo upande wa tundu ili kiputo kitoke. Jaza mafuta ya taa kwa bureti kama zile za maabara za shule. Ya mililita 50 huenda ukaijaza mara mbili. Sirinji ya duka la dawa pia inafaa, mradi usiache hewa kwenye ncha. Rudia kila chemba. Vipimo viwili vya chemba moja visipokubaliana, chungulia njia ya ekzosi na ya kuingiza: ukiona unyevu, valvu inavuja, rudi ukaisage.

Chemba kubwa ndiyo kipimo, kwani aluminiamu huitoi mahali ukairudisha. Zile ndogo punguza kwenye ukuta unaozunguka valvu, huku valvu kuukuu zikiwa mahali pake kulinda viti. Jiwe la kusagia huzibwa na aluminiamu upesi. Tumia kikato chenye meno, umalizie na msasa. Usikaribie nyuzi za plagi wala pale silinda inapokaa. Mililita moja ni gramu 2.7 tu za aluminiamu, hivyo pima kila baada ya kukwangua kidogo. Tofauti ikibaki nusu mililita, inatosha.

Hedi ikitoka kwenye mashine, viti viwili vya silinda lazima viwe na kina kimoja, la sivyo moja itavujisha gesi hata ukikaza vipi. Na msikaze kwa nguvu za mkono: tumieni spana yenye kipimo, stadi (boliti za kushikia hedi) za milimita 10 ni Nm 32, za milimita 8 ni Nm 25.

Wenye magari, dai namba nane zilizoandikwa kwenye risiti: ujazo wa chemba nne na nafasi iliyo juu ya pistoni nne, zote zimepimwa baada ya valvu kusagwa. Kazi hiyo inahitaji asubuhi moja na chupa ya mafuta ya taa.

Fundi wa injini,
Nakuru