Dodoso halijui ndoo

Ndugu Mhariri,

Kila ikifika Oktoba hapa Mwanza tunavaa fulana za pinki, tunaandamana, tunahimizwa tujichunguze matiti. Ni jambo jema, na mimi huandamana. Ila mwenzenu nilishajichunguza, uvimbe nikaukuta, titi la kushoto likaondolewa pamoja na tezi za kwapani, dripu nikazimaliza, na sasa naingia mwaka wa nne. Huo mwaka wa nne ndio ulionifanya nishike kalamu.

Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Kazi yetu ni mikono. Unaanua dagaa, unashindilia gunia, unainua beseni hadi kwenye mizani, na ukirudi nyumbani jioni ndoo ya lita 20 inakungoja bombani. Siku niliyoruhusiwa kutoka hospitali niliambiwa hivi: mama, mkono huo usinyanyue kitu kizito tena maisha yako yote. Basi. Kizito ni kilo ngapi, sikuambiwa. Wala sikuuliza, maana foleni nyuma yangu ilikuwa imefika mlangoni.

Nikatii. Nikatafuta kijana wa kunibebea, faida ikawa inaishia mfukoni mwake. Mkono nikaulea kama yai, na bado mwaka wa pili ukavimba: pete ikagoma kutoka, fundi akalazimika kufumua mkono wa gauni. Bega nalo likakaza hadi nikashindwa kumsuka mjukuu wangu.

Binti yangu anasomea fiziotherapia. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba tezi za kwapani zikiondolewa, majimaji ya mwili yaliyokuwa yakipitia humo kurudi kwenye damu hupungukiwa njia, yakatuama mkononi. Akanisomea pia matokeo ya utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009, ulioongozwa na Kathryn Schmitz. Waliwachukua wanawake 141 waliopona saratani ya titi na ambao mikono yao ilikuwa tayari imevimba. Nusu wakaanza kunyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, nusu wakaendelea na maisha yao. Baada ya mwaka, waliozidiwa ghafla na uvimbe walikuwa asilimia 14 upande wa wanyanyuaji, na asilimia 29 upande wa wasionyanyua.

Nilimwambia arudie kusoma, nikidhani amegeuza tarakimu.

Hajageuza. Lakini nisieleweke vibaya, asije mama akatoka hapa akajitwisha gunia. Wale wanawake walianza na uzito mdogo mno, wengine bila uzito kabisa, wakaongezewa kidogo kidogo. Wiki 13 za mwanzo walikuwa na msimamizi. Mikono yao ilipimwa kila mwezi, na wakati wa kunyanyua walivaa soksi ya mkono inayobana. Soksi hiyo nimeiulizia maduka matatu ya dawa mjini. Mawili hawakujua hata ninachozungumzia.

Kabla ya hapo, mwaka 1996, huko Vancouver, Kanada, daktari wa michezo aitwaye Don McKenzie alikusanya wanawake 24 waliotibiwa saratani ya titi akawapandisha kwenye mashua ndefu yenye kichwa cha joka, wakapiga kasia msimu mzima. Wataalamu wengi wakati ule waliamini kazi ya nguvu ya mkono ingewavimbisha. Hakuna aliyepata uvimbe mpya wa mkono. Ishirini na wanne ni wachache, na hawakuwa na kundi la kulinganishwa nalo, lakini nilicheka peke yangu. Mimi ni mtu wa Ukerewe. Kasia nimelishika kabla ya kalamu, na huku watu wazima wamelazimika kufanyiwa utafiti ili waamini kwamba mwanamke akipiga kasia hafi.

Sasa hoja yangu. Tafiti za namna hii hupima ubora wa maisha kwa dodoso. Mojawapo linalotumika sana duniani limetoka Ulaya, lina maswali 30, na swali lake la kwanza linauliza kama unapata shida kwenye kazi za nguvu kama kubeba mfuko mzito wa manunuzi au sanduku la safari. Mimi sanduku la safari nalibeba mara moja kwa mwaka, nikienda msibani. Tena sanduku linabebwa mkono ukiwa umening'inia. Ndoo inabidi uiinue kutoka chini, uipitishe usoni, uitue kichwani, kisha uishike huku unapanda mawe ya Mabatini. Bega lililokaza linaweza kulimudu sanduku na likashindwa ndoo. Kwa hiyo mwanamke wa hapa anaweza kujibu "hapana, sina shida", karatasi ikaandika kwamba anaishi vizuri, na nyumbani watoto hawana maji.

Hatuwezi kusema Afrika haichunguzwi. Upo utafiti mkubwa uliofuatilia wanawake zaidi ya 2,000 wenye saratani ya titi katika Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zambia, walioandikishwa kati ya 2014 na 2017, na walikuwa wakipigiwa simu kila baada ya miezi mitatu. Uganda tunachangia nao ziwa hili. Uligundua kwamba karibu nusu walikuwa wamefariki ndani ya miaka mitatu. Nafahamu basi kwa nini watu wanahangaika kwanza na kuokoa roho. Lakini nusu nyingine tupo, na tunarudi mwaloni.

Ninachowaomba madaktari na vyuo vya afya vya hapa Mwanza si kikubwa. Ile sentensi ya "usinyanyue kitu kizito" waitupe, waweke ratiba: uanze na uzito gani, uongeze lini, ukiona nini uache. Na atakayefanya utafiti atumie vipimo vyetu, sado, beseni, ndoo, kisha arudi atuambie alichopata. Mwaka juzi kijana mmoja alinihoji karibu saa nzima akiwa na karatasi zake. Mpaka leo simjui aliandika nini.

Kwa upande wangu nimeanza, chini ya macho ya binti yangu. Miezi miwili ya kwanza ilikuwa sado moja ya dagaa wakavu, ambayo haina hata uzito wa kujivunia. Sasa nimefika nusu ndoo ya maji. Kila Jumapili ananipima mkono kwa tepu ya fundi cherehani na kuandika kwenye daftari la mauzo, ukurasa wa nyuma. Mtafiti akilitaka, lipo kwenye meza yangu, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.

Mfanyabiashara wa dagaa,
Kirumba, Mwanza