Mama, bati nitatuma, ila mwambieni Kaka Sefu

Leicester, Uingereza, 19 Januari 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, mguu umepona, msiulize tena. Ujumbe wa bati nimeupata. Paundi 150 zitaingia kwenye simu yako tarehe 31, siku ya mshahara. Fundi asubiri.

Lakini Mama, maneno ya Kaka Sefu kwenye arobaini ya Babu yameniuma. Eti pesa yangu inaishia hotelini, eti mwanamke mzima nashindia chipsi za kununua. Tena mbele ya Shangazi! Mwaka wa kwanza kweli nilikula hivyo, sikatai. Sasa mwaka wa tatu huu sijanunua chakula cha barabarani ila Idi.

Napika, Mama. Sufuria moja, nusu saa. Nakaanga kitunguu, saumu na tangawizi kwa kijiko kimoja cha mafuta, natia bizari ya manjano na nyanya. Halafu adesi kikombe kimoja, zile nyekundu zilizoparazwa, hazina haja ya kulowekwa. Mchele nusu kikombe, maji vikombe vinne na nusu. Hapo siondoki jikoni: povu linapanda ghafla, likimwagika jiko zima linanata. Naliengua, napunguza moto. Dakika ishirini, adesi zilizoingia nyekundu zimegeuka manjano, zimevurugika zenyewe. Natia mchicha konzi mbili, tui kidogo, chumvi, nakamulia ndimu. Nakula usiku uleule, kinachobaki nakipoza upesi na kukiweka kwenye friji, maana wali ukilala nje unaharibu tumbo. Kesho yake naenda nacho kazini. Wenzangu wananusa wanauliza ni nini!

Aliyenifundisha ni bibi wa chumba cha chini, Mhindi mzaliwa wa Jinja. Amin alipowafukuza mwaka 1972 alikuja huku na wazazi wake, binti mdogo. Kiswahili hakijamtoka. Jioni ya kwanza tulipokutana kwenye ngazi aliniuliza, "Umekula nini leo, mwanangu?" Nilishindwa kujibu, koo lilijaa. Yeye ndiye aliyenipeleka Belgrave Road, kwenye maduka ya Wahindi wenzake. Bizari zimepangwa kwa magunia, bamia zipo, hata mihogo.

Ila tui la kopo si tui lako, Mama. Huku saa kumi na moja jioni giza limeshatanda. Nikifungua kopo nasikia mbuzi yako inakwaruza nazi uani, na Mwanaidi anagombea machicha awape kuku.

Kaka Sefu anipigie mwenyewe aniombe radhi, asimtume Mwanaidi. Na Shangazi aambiwe ukweli, wewe mwenyewe umwambie.

Mtoto wa Bi. Zuhura akija mwezi wa tatu, mpe upawa ule mdogo wa kifuu, wenye mpini uliounguzwa na moto. Huu wangu wa plastiki umeyeyuka ukingo.

Mwanao,
Rehema